Orofa tupu mlimani, vibanda tele mjini: Kitendawili cha afisi za Nairobi

KWA takriban mwongo mmoja sasa, kampuni zinazochunguza soko la majumba jijini Nairobi zimekuwa zikitoa taarifa ile ile mwaka baada ya mwaka: afisi zilizojengwa ni nyingi kuliko wanaozihitaji. Makadirio ya miaka ya karibuni yametaja ziada ya zaidi ya futi milioni 5 za mraba, na katika majumba ya kisasa kiwango cha nafasi zenye wapangaji kimekuwa kikicheza kati ya asilimia 70 na 80. Kwa lugha nyepesi, katika jumba la orofa 20, orofa nne hadi sita hazina mtu.

Hata hivyo, anayeshuka hadi Barabara ya Tom Mboya, Luthuli au River Road ataiona taarifa hiyo kuwa kichekesho. Huko, nafasi ya kutosha meza moja na rafu mbili hugombaniwa. Anayetaka kibanda katika jumba linalopendwa na wanunuzi hulazimika kutoa kilemba, au gudiwili kama wafanyabiashara wa Nairobi waiitavyo, kabla hata ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza. Orofa zilizokuwa afisi za mawakili na mawakala wa bima sasa zimejaa wauza simu, washonaji, wasusi na wauza viatu, kuta za mbao zikiwatenganisha.

Mambo haya mawili yanatokea katika jiji moja, kilomita chache tu zikiyatenganisha. Ni makosa basi kusema kuwa Nairobi imekosa wapangaji. Ukweli ni kuwa wajenzi walimwandalia mpangaji mmoja, ilhali aliyekuja kubisha hodi ni mwingine. Na sehemu kubwa ya gharama ya kosa hilo haiwaangukii matajiri peke yao, bali pia walimu, wahudumu wa afya na wafanyakazi wa viwandani ambao akiba yao ya uzeeni imefungiwa ndani ya saruji na vioo.

Hadi miaka ya tisini, kampuni iliyojiheshimu ilikuwa na afisi katika eneo dogo lililozungukwa na Barabara za Uhuru, Haile Selassie, Moi na ile ya Chuo Kikuu. Serikali, mahakama, mabenki na kampuni za bima zote zilijibana hapo. Jumba la mikutano la KICC lilikuwa limefunguliwa mwaka 1973 likawa nembo ya jiji, na Times Tower, jumba la orofa 38 ambalo ni makao ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), likakamilika mwaka 2000. Lakini hata wakati Times Tower ilipokuwa ikipakwa rangi, wenye uwezo walikuwa wameanza kufunga virago. Shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani mnamo Agosti 7, 1998, lililoua zaidi ya watu 200 kwenye makutano ya Haile Selassie na Moi, liliwapa sababu wengi waliokuwa wakisitasita. Ubalozi wenyewe ulihamia makao mapya Gigiri mwaka 2003. Isitoshe, magari yalikuwa yameongezeka, nayo majumba ya kale yalijengwa wakati ambapo mkurugenzi na naibu wake pekee ndio waliokuja kazini kwa gari.

Waliohama walienda Upper Hill, mahali palipokuwa na nyumba za chini za watumishi wa reli na wa serikali, zenye bustani na miti mikubwa. Wengine wakaenda Westlands. Benki ya Equity ina makao yake makuu mlimani Upper Hill, na Soko la Hisa la Nairobi (NSE) nalo likahamia Westlands. Kila jumba lililofunguliwa huko liliacha orofa kadhaa tupu katikati mwa jiji, na wenye majumba ya kale wakabaki wakijiuliza watazijaza na nini.

Mwanzoni mwa mwongo wa 2010, mwekezaji aliyesimama juu ya mlima huo akatazama mbele hakuona ila neema. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana. Kampuni za kimataifa zilikuwa zikiifanya Nairobi makao yao ya kanda ya Afrika Mashariki. Vyuo vikuu vilikuwa vikifungua mabewa katikati mwa jiji kwa ajili ya wanafunzi wanaojilipia karo. Katiba ya 2010 yenyewe ilileta wapangaji: bunge lililokuwa na wabunge 222, bila kuwahesabu wanachama wa kinyadhifa, lilitoa nafasi kwa Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 na Seneti yenye wanachama 67 baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Wote walihitaji afisi, na nyingi zilikodishwa katika majumba ya jijini kwa pesa za mlipa ushuru.

Tatizo ni kwamba jumba refu halijengwi kwa msimu mmoja kama mahindi. Tangu wazo hadi kukabidhiwa ufunguo, miaka mitatu hadi mitano hupita. Wawekezaji kumi hutazama ishara zile zile, huchukua mikopo mwaka mmoja, na orofa zao zote huingia sokoni kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa. Jumba la UAP Old Mutual lenye orofa 33 lilifunguliwa mwaka 2016. Britam Tower, lenye urefu wa mita 200, likakamilika mwaka uliofuata. Kando yao yaliota majumba mengine mengi yasiyofahamika sana kwa majina lakini yenye maelfu ya futi.

Yalifunguka wakati mbaya. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti viwango vya riba ilianza kutekelezwa, na hadi ilipoondolewa Novemba 2019 mabenki yalikuwa yakifunga matawi na kupunguza wafanyakazi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2016, baada ya wizi wa mitihani kukomeshwa, watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi walikuwa 88,929, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa 169,492. Takwimu hiyo ilijadiliwa sana kama habari ya elimu. Wachache waliitambua kuwa pia ni habari ya majumba: vyuo vikuu vilipopungukiwa na wanafunzi wa kujilipia, mabewa ya jijini yakaanza kufungwa, na orofa nzima nzima zikarudi mikononi mwa wenyewe.

Uchaguzi wa 2017 uliorudiwa uliwafanya wengi waahirishe kutia saini. Kisha Machi 2020 ukaja ugonjwa wa Corona, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani, na wakurugenzi wa fedha wakagundua kuwa kazi iliendelea bila ya nusu ya madawati. Hata Bunge, mpangaji asiyefilisika, lilipata jumba lake: Bunge Tower lenye orofa 28 lilifunguliwa mwaka 2024. Mwaka 2025 Marekani ilipoifuta miradi iliyofadhiliwa kupitia USAID, mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyotegemea fedha hizo yakapunguza wafanyakazi na nafasi waliyoitumia.

Mtu angetarajia kuwa baada ya mapigo hayo yote, kodi ingeporomoka. Mchuuzi wa nyanya katika soko la Wakulima hupunguza bei jua linapotua kwa kuwa anajua kesho zitaoza. Mwenye jumba hafanyi hivyo, na sababu si kiburi pekee. Thamani ya jumba la afisi hukadiriwa kwa kodi linaloingiza. Chukua mfano wa jumba linaloleta Sh80 milioni kwa mwaka. Ikiwa wakadiriaji wanachukulia kuwa mapato hayo ni asilimia 8 ya thamani, basi jumba hilo huandikwa vitabuni kuwa la Sh1 bilioni. Mwenyewe akipunguza kodi kwa robo ili kuvutia watu, mapato yakawa Sh60 milioni, thamani hushuka hadi Sh750 milioni kwa mpigo wa kalamu. Na kama alikuwa amekopa Sh700 milioni, meneja wa benki ataanza kumpigia simu.

Kwa hivyo anaona heri orofa kadhaa zikae tupu, ilmradi kodi iliyoandikwa kwenye mikataba michache iliyopo ibaki juu. Atakayembembeleza mpangaji mpya atampa miezi kadhaa ya bure, au atamlipia mazulia na vioo vya ndani, lakini bei kwa futi haitaguswa. Ndiyo maana takwimu za kodi za Nairobi zimebadilika kidogo sana katika kipindi ambacho nafasi tupu zilikuwa mamilioni ya futi. Bei hiyo ni ya karatasi, na karatasi hiyo husomwa zaidi na benki kuliko wapangaji.

Sasa turejee mjini, ambako soko linafanya kazi yake bila aibu. Wastani wa kodi ya afisi jijini umekuwa Sh100 hivi kwa futi moja ya mraba kwa mwezi. Tuseme mwenye jumba la kale ana orofa ya futi 4,000. Akimkodishia mpangaji mmoja, atapata Sh400,000. Akiigawanya, nusu akaiacha iwe vijia na nusu akaikata vibanda 40 vya futi 50 kila kimoja, na kila mwenye kibanda akalipa Sh15,000, atapata Sh600,000, bila ya kuhesabu kilemba. Muuza simu hapo analipa Sh300 kwa futi, mara tatu ya kampuni ya bima iliyohama. Anayenunua mafuta ya taa ya kupima anaijua hesabu hii vizuri: mwenye pesa kidogo ndiye anayelipa bei ya juu zaidi.

Mfano huu ni wa hesabu tu, lakini unaeleza kwa nini jumba baada ya jumba limebadilika upande wa mashariki wa Barabara ya Moi, na kwa nini mabadiliko hayo yamekuwa yakivuka kwenda magharibi. Unaeleza pia kwa nini si sahihi kulia kuwa katikati mwa Nairobi kumekufa. Ni kweli hoteli ya Hilton ilifungwa mwishoni mwa 2022 baada ya zaidi ya miaka 50. Lakini kilichoondoka ni aina moja ya mtu. Umati wa watu wanaoshuka kwenye matatu kila asubuhi haujapungua, na umati huo ndio unaolipa kodi ya vibanda. Upper Hill hauwezi kuupata kwa sababu hakuna anayepanda mlima ule kutafuta chaja ya simu.

Tusiusifu mno mpango huo wa vibanda. Orofa iliyochorwa kwa ajili ya makarani 40 haikuchorwa kwa ajili ya wauzaji 80 na wateja mia kadhaa, mashine za kunyoa, pasi na majiko ya umeme, yote yakichomekwa kwenye nyaya zilizotandazwa enzi za mwanzo za uhuru. Ngazi aghalabu ni moja. Mnamo Januari 2009 moto katika duka moja kubwa katikati mwa jiji uliwaua zaidi ya watu 20, na hilo lilikuwa duka la vyakula na bidhaa za nyumbani lenye nafasi ya kupita kuliko vijia vya vibanda. Kisheria, mwenye jumba anayegeuza afisi kuwa maduka anapaswa kuomba idhini ya kaunti kabla ya kupiga msumari wa kwanza, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Kila msomaji anayeyafahamu majumba hayo anaweza kukisia ni mangapi yaliyofanya hivyo.

Kati ya mwenye kibanda na kampuni kubwa yuko mpangaji wa tatu, na huyu ndiye aliyesahauliwa na pande zote: wakili kijana, mhasibu mwenye wasaidizi wawili, kampuni ya vijana watano wanaounda programu za simu. Hawa wanahitaji futi 200 au 300, mahali safi, intaneti na choo kinachofanya kazi. Mlimani wanaambiwa orofa haigawanywi chini ya futi elfu kadhaa, tena kuna ada ya huduma, kuna kodi inayopanda kila mwaka na VAT ya asilimia 16 ambayo biashara ndogo isiyosajiliwa kwa ushuru huo haiwezi kurudishiwa.

Juu ya hayo kuna mkataba. Sheria ya mwaka 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka na hoteli, ambayo tafsiri yake ya duka inajumuisha pia mahali pa kutoa huduma kwa malipo, husema kuwa mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kufukuzwa wala kuongezewa kodi kiholela. Shauri lake huenda kwa jopo maalumu. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge. Matokeo yake ni kwamba wenye majumba makubwa hudai mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita, ili waukwepe mkono wa jopo hilo. Kampuni ya vijana watano haijui kama itakuwapo mwezi wa tisa, seuze mwaka wa sita. Inageuka, inakodi meza kwa mwezi katika afisi za pamoja kama zile za Nairobi Garage, au inabaki sebuleni Umoja. Kukua kwa afisi hizi za pamoja ni ushahidi kwamba wapangaji wapo wakipewa kipimo wanachokimudu.

Hata wapangaji wakubwa waliojitokeza karibuni hawakuja katikati mwa jiji wala mlimani. Kampuni ya CCI, inayoajiri maelfu ya vijana kupokea simu za wateja wa ng'ambo, ilifungua jumba lake Mei 2024 huko Tatu City, Kaunti ya Kiambu. Biashara ya aina hiyo inahitaji orofa pana, maegesho ya mabasi ya wafanyakazi na unafuu wa kodi unaotolewa katika maeneo maalumu ya kiuchumi. Mnara mwembamba wa vioo hauna hata kimoja cha hivyo.

Je, kwa nini basi watu waliendelea kujenga? Kwa sababu, kwa Mkenya mwenye akiba, jumba halikuwa tu mahali pa kupangisha. Lilikuwa kibubu. Shilingi inaweza kushuka na benki inaweza kufungwa, lakini jiwe litabaki jiwe. Imani hiyo si ya matajiri pekee. Vyama vya akiba na mikopo vina majumba yao: walimu wana Mwalimu Towers mlimani, wahudumu wa afya wana Afya Centre, watumishi wa kilimo wana Ukulima House. Hazina ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) inamiliki View Park Towers na Hazina Towers, miongoni mwa mali nyingine. Kanuni za mamlaka ya kusimamia malipo ya uzeeni huruhusu hazina ya wafanyakazi kuweka hadi asilimia 30 ya mali yake katika ardhi na majumba.

Kibubu hicho kimekuwa ghali. Mapato ya kodi ya afisi Nairobi yamekuwa kati ya asilimia 7 na 8 ya thamani ya jumba. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu iliyolipa zaidi ya asilimia 18, bila kutozwa kodi ya mapato, bila lifti ya kukarabati wala mlinzi wa kulipa. Mwaka 2025 riba ya hati za muda mfupi za serikali ilishuka chini ya asilimia 10, na pengo hilo likapungua. Lakini miaka iliyopotea haifidiwi. Waliojaribu njia ya soko la hisa nao waliumia: hazina ya Fahari, ambayo mali yake kubwa ilikuwa kituo cha maduka cha Greenspan lakini ilikuwa pia na majengo ya afisi, iliuza vipande vyake kwa Sh20 mwaka 2015. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliotaka kujiondoa walipewa Sh11.

Wawekezaji wa kigeni na matajiri wa humu wanaweza kusubiri. Jumba la Pinnacle, lililozinduliwa Mei 2017 Upper Hill kwa matumaini ya kuwa refu kuliko yote barani, lilikwama katika mizozo ya ardhi na kesi, na kwa soko la afisi huenda kukwama huko kulikuwa afueni. Ila serikali haijaacha kuchora. Mpango wa Railway City, uliozinduliwa Desemba 2022 kwenye ekari 425 nyuma ya stesheni ya reli, unakusudiwa kuongeza upana wa katikati mwa jiji kwa nyumba, maduka na afisi. Hapo watu watashuka kwenye garimoshi kwa miguu yao, jambo ambalo Upper Hill haujawahi kuwa nalo. Orofa zake zikikatwa kwa kipimo cha futi 200 na mikataba ya mwaka mmoja, zitawapata wale wanaofanya kazi sebuleni. Zikikatwa kama za mlimani, zitaungana na zile milioni 5.

Kwa sasa, mwenye la kufanya ni mwanachama wa kawaida. Hazina za malipo ya uzeeni na vyama vya akiba hufanya mikutano ya kila mwaka, na taarifa za fedha husomwa mbele ya wanachama. Mara nyingi maswali huwa ni ya riba na ya nauli ya kuhudhuria. Lakini ndani ya taarifa hizo mna mstari mmoja unaotaja thamani ya majumba, na mwanachama ana haki ya kuuliza thamani hiyo imekadiriwa kwa kodi gani: ile iliyoandikwa kwenye karatasi, au ile inayoingia benki kila mwezi, na orofa ngapi za jumba lake zimewashwa taa usiku huo.